Binti wa Miaka Kumi na Miwili



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona, na wengine hawalitaji kabisa hata baada ya miaka ishirini ya ndoa. Ni tohara ya wanawake, ambayo siku hizi twaiita kwa jina linaloistahili, ukeketaji. Najua baadhi yenu mnataka kufunua ukurasa wa pili. Msifunue. Jambo hili limo chumbani mwa wengi wanaosoma gazeti hili, na kama halimo chumbani mwenu, limo kwa dada yenu au kwa jirani wa jumuiya yenu.

Katika mafundisho ya ndoa huwa nawapa watu vikaratasi waandike maswali bila majina. Wachumba huuliza juu ya mahari, juu ya wakwe, juu ya mshahara. Lakini wale waliokwisha kukaa pamoja miaka mingi, ambao wamekuja kubariki ndoa, mara nyingi huuliza jambo jingine. Akina baba huandika: "Mke wangu hanitaki. Nikimkaribia hujikunja. Je, ana mtu mwingine?" Ndugu yangu, yawezekana kabisa hana mtu mwingine. Yawezekana ana kovu. Na kovu hilo alilipata akiwa mtoto, kabla hajakujua wewe, mbele ya wanawake waliompenda, huku wengine wakiimba.

Hapa Kenya twaye mama mmoja ambaye maisha yake yanaweza kutufundisha, na si lazima awe wa kabila letu ili tufundishwe naye. Jina lake ni Agnes Pareyio, Mmaasai wa Narok. Alikeketwa akiwa na miaka 14. Hakutaka. Lakini alichekwa na kuitwa mwoga, na nyinyi wenye mabinti mwajua msichana wa umri huo anavyoumia akichekwa na rika lake. Akakubali kisu ili aonyeshe kuwa si mwoga. Angalieni hapo, wazazi. Hakuna aliyemfunga kamba. Kicheko kilitosha.

Kati ya Wamaasai kisu hicho hakikuwa peke yake. Msichana akishakeketwa alihesabiwa kuwa mwanamke, na mwanamke huolewa. Kwa hiyo kilichofuata kisu mara nyingi kilikuwa mume mwenye umri wa baba yake, ng'ombe kuingia bomani, na daftari za shule kuachwa. Ndiyo sababu Agnes Pareyio, alipoanza kupinga desturi hii katika miaka ya 1990, hakuzungumza juu ya afya tu. Alizungumza juu ya shule pia.

Alikwenda kwa miguu kutoka manyatta hadi manyatta, amebeba mfano wa mbao wa sehemu za siri za mwanamke. Mfano huo una vipande vinavyotolewa na kurudishwa, kwa hiyo aliweza kuwaonyesha watu mwanamke alivyoumbwa, kisha kinachoondolewa, kisha mtoto anavyopata taabu kupita mahali palipokatwa na kupona vibaya. Ebu fikirini ujasiri huo, mama wa Kimaasai kushika kitu cha namna hiyo mbele ya watu wa kwao! Wengi walimwona kuwa amekosa adabu. Lakini kulikuwa na akina mama waliokeketwa wao wenyewe, wakazaa watoto wengi, na hata siku moja hawakuwahi kuona kwa macho yao walichonyang'anywa.

Baadaye Mmarekani mmoja, mwandishi wa michezo ya kuigiza aitwaye Eve Ensler, alikutana naye katika safari zake hizo. Shirika lake, V-Day, likamsaidia kupata gari, kisha kujenga nyumba ya hifadhi mjini Narok ambayo ilifunguliwa mwaka 2002. Kazi yake inaitwa Tasaru Ntomonok, maneno ya Kimaa yenye maana ya kuwaokoa wanawake. Wasichana waliokimbia kisu, wengine usiku, wengine bila viatu, walipata pale kitanda, chakula na nafasi ya kurudi shuleni.

Jambo linalonigusa zaidi katika kazi yake ni hili. Hakuishia kuwaficha wasichana. Wazazi waliitwa, wazee waliitwa, wakaketi na kuzungumza mpaka baba aweze kumtazama tena binti yake na binti aweze kurudi nyumbani bila hofu. Wakati mwingine ilichukua muda mrefu. Ni rahisi kumpokea mtoto aliyekimbia. Kumpatanisha na babake aliyekwisha kuahidiwa ng'ombe ni kazi ngumu, na katika Kanisa letu twaijua kazi hiyo kwa jina lake, upatanisho.

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa hapa Kenya ulimteua kuwa mtu wa mwaka. Baadaye aliongoza bodi ya serikali ya kupinga ukeketaji, na katika uchaguzi wa mwaka 2022 watu wa Narok Kaskazini wakamchagua kuwa mbunge wao. Watu wale wale ambao zamani baadhi yao walimwambia anaharibu mabinti.

Sasa tufungue Biblia. Chukueni Injili ya Marko sura ya 5, kuanzia aya ya 21, msome pamoja jioni, mume na mke. Mtakuta wanawake wawili. Mmoja ametokwa na damu miaka kumi na miwili. Amemaliza mali yake kwa waganga, na haja yake anaiona aibu hata anakuja kwa nyuma, akiguse tu vazi la Bwana. Wa pili ni binti wa Yairo, na Marko ametaja umri wake: miaka kumi na miwili. Mwaka ule ambao yule mtoto alizaliwa, ndio mwaka ambao yule mama alianza kutokwa na damu. Mimi siwezi kusoma sura hiyo bila kuwafikiria mama na binti wa nchi yetu, mama akibeba jeraha lake kimya kimya, na binti akikaribia umri ule ule wa kuletewa wembe.

Tazameni anachofanya Yesu. Kwa yule mama, anasimama. Msafara wote unasimama. Anataka mama huyo ajitokeze aseme ukweli wake wote, naye anapousema hapigwi kelele, anaitwa binti. Kisha nyumbani kwa Yairo kuna umati unaolia na kupiga kelele, na Yesu anaposema neno, umati huo unamcheka. Tena kicheko! Yesu hajadiliani nao. Anawatoa nje wote. Anaowaacha ndani ni wanafunzi watatu, na baba na mama wa mtoto. Hakumchukua baba peke yake wala mama peke yake. Anamshika mtoto mkono, anamwinua, kisha anawaagiza wampe chakula.

Wapendwa, hapo ndipo penye kazi ya wanandoa. Umati utakuwepo siku zote: shangazi, bibi, wazee wa ukoo, majirani wanaosema binti asiyekeketwa hataolewa, atakuwa malaya, hatajua kupika, maziwa yake yatamdhuru mtoto. Kuna wakati wa kuzungumza na umati, na kuna wakati wa kuutoa nje mkabaki wawili na mtoto wenu.

Wengine wataniambia, "Katekista, tohara imo katika Biblia." Imo, lakini ni tohara ya wanaume, ishara ya agano aliyopewa Abrahamu. Juu ya kuwakata wasichana hakuna amri hata moja katika Maandiko, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Na hata ile ya wanaume, mitume walipokutana Yerusalemu (Matendo 15) waliamua kuwa watu wa mataifa wasibebeshwe kama sharti la wokovu. Kama mitume hawakuwatwika watu wa mataifa sharti ambalo Mungu mwenyewe aliliagiza kwa Abrahamu, sisi tumepata wapi mamlaka ya kuwatwika mabinti zetu sharti ambalo hakuliagiza?

Mafundisho ya Mama Kanisa ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliuweka ukataji wa viungo vya mwili pamoja na mambo yanayomchukiza Muumba. Katekisimu, namba 2297, yafundisha kuwa kumkata kiungo mtu asiye na hatia, pasipo sababu ya matibabu, ni kinyume cha sheria ya maadili. Naye marehemu Papa Fransisko aliutaja ukeketaji kwa jina katika Amoris Laetitia, waraka wake juu ya familia wa mwaka 2016, na tarehe 6 Februari 2022 akausema tena hadharani katika sala ya Malaika wa Bwana. Basi Mkatoliki asiseme kuwa Kanisa limenyamaza.

Hata hivyo tusijisifu sana. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu, Kanisa la Scotland likiwa mbele, ziliwataka waumini wao waape kuiacha tohara ya wasichana. Maelfu wakatoka katika makanisa hayo na shule za kujitegemea zikaanzishwa. Misheni zetu wakati huo hazikulipa jambo hilo uzito, na ni halali mtu kujiuliza ni mabinti wangapi Wakatoliki walikatwa tukiwa twafundisha katekisimu chini ya mwembe. Lakini somo lingine la mwaka ule ni kwamba amri iliyotoka juu, kwa wageni, iliwafanya watu waishike desturi kwa nguvu zaidi kana kwamba ni bendera yao. Agnes Pareyio alizungumza Kimaa na Wamaasai, akiwa na kovu kama lao.

Naye na wenzake hawakusema mila yote ni mbaya. Binti anahitaji kufundishwa adabu, usafi, heshima kwa wazee, siri za mwili wake. Mwaka 1996, kule Tharaka, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilisaidia familia kuanzisha sherehe walioiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana waliwekwa pamoja, wakafundishwa, kisha kukawa na ngoma na zawadi, bila wembe. Parokia nyingi zaweza kufanya hivyo wakati wa likizo, na akina mama wa CWA ndio walimu wanaofaa. Ila nasema wazi, sherehe hiyo haina maana kama wazazi hawakuafikiana kwanza. Kuna mahali binti alipewa cheti mchana na kukatwa usiku.

Nageukia sasa jambo linaloniudhi, mniwie radhi. Kuna wazazi waliosoma, wenye kazi nzuri, wanaosema, "Sisi si washamba, sisi tunampeleka kwa muuguzi, kuna ganzi na glavu." Mtindo huu umeenea sana Kisii, mahali penye Wakatoliki wengi tena wenye bidii. Katika hesabu ya serikali ya mwaka 2014, zaidi ya wanawake wanane kati ya kumi wa kabila la Wakisii walikuwa wamekeketwa. Ganzi hupunguza maumivu ya dakika kumi. Kilichokatwa hakirudi. Tena sheria ya mwaka 2011 haimwachi muuguzi wala mzazi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, na binti akifa ni kifungo cha maisha. Kumpeleka mtoto ng'ambo ya mpaka ni kosa. Kujua na kunyamaza ni kosa. Hata kumtukana mwanamke kwa sababu hakukeketwa ni kosa. Kuna daktari aliyekwenda mahakamani akidai mwanamke mtu mzima aachwe achague mwenyewe; Mahakama Kuu ikakataa ombi hilo mwezi Machi mwaka 2021.

Nchi yetu imesogea. Mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa, na hesabu ya mwaka 2022 ikapata 15. Lakini wastani wa nchi hauna faraja kwa binti aliyezaliwa Wajir au Mandera, ambako karibu wanawake wote wamepitia kisu.

Nimalizie na nyinyi mnaoishi na kovu, maana juu ya mabinti watu huzungumza, lakini juu ya mama zao ni kimya.

Ndugu mume, yafaa ujue mambo haya. Mahali palipokatwa hupona kwa kovu gumu, na kovu halinyooki kama ngozi. Mke anaweza kusikia maumivu katika tendo la ndoa, au asisikie chochote, au mwili wake ukaogopa kabla akili haijaogopa. Wakati wa kujifungua anaweza kuchanika vibaya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza uchunguzi juu ya zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na ulionyesha kuwa waliokeketwa walivuja damu zaidi, walipasuliwa zaidi, na watoto wao wachanga walikufa zaidi. Kwa hiyo mkeo akiwa mjamzito, mwambieni mkunga mapema kuwa amekeketwa. Msingoje chumba cha kujifungulia.

Tendo la ndoa ni takatifu, nasi twafundisha kuwa mume na mke wasinyimane. Lakini nimewasikia wanaume wakilishika fundisho hilo kama rungu. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 5, amemwagiza mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Ungekuwa na jeraha mguuni ungelikanyagia? Mwulize, kwa upole, mchana, wakati watoto wamelala au wamekwenda shule, si usiku taa ikiwa imezimwa. Mwulize kilitokea nini siku ile. Yawezekana hajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Akilia, mwache alie. Yesu aliusimamisha msafara mzima ili mama mmoja aseme.

Nawe dada yangu, usimfiche mumeo maumivu na kumwacha adhani humpendi. Hukutenda dhambi yoyote siku ile, ulikuwa mtoto. Wala wewe si nusu mwanamke, na asiyekeketwa si bora kuliko wewe. Kuna maumivu yanayotibika, kwa dawa au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa kovu, hasa kwa wale walioshonwa. Nendeni hospitali pamoja. Mume naye akae kwenye benchi la kliniki, hata kama ni yeye peke yake mwanamume pale.

Halafu kuna mama mkwe. Wengi mwaniuliza, "Nitamkataliaje mama ya mume wangu?" Jibu langu ni kwamba si wewe wa kumkatalia. Mwana ndiye azungumze na mamake, kwa heshima, amketishe amwambie, "Mama, mabinti zetu hawatakatwa. Ni mimi na mke wangu tumeamua." Akisema hivyo mara moja kwa sauti yake, mke hataitwa mchawi wala mwenye kiburi. Na msimdharau bibi huyo. Yeye naye alikatwa, na anaamini anamwokoa mjukuu wake na aibu. Mwelezeni mkunga alivyowaeleza, hata mara tatu.

Zungumzeni jambo hili kabla shule hazijafungwa mwisho wa mwaka, maana likizo ndefu ndiyo wakati wa kisu. Shangazi akiomba binti aende kumsaidia kuvuna, ulizeni ni nani wengine watakuwepo na atarudi siku gani. Wenye jamaa Kuria waangalie zaidi mwezi wa Desemba. Nanyi mkijua kuwa mtoto wa jirani ametayarishiwa sherehe, mwambieni chifu, au mpige namba 116 ya kuwasaidia watoto. Namba hiyo haina malipo, na hupokewa usiku na mchana.